Kupima Chembe Nyekundu za Damu: Mwongozo Kamili kwa Zahanati na Vituo vya Afya vya Kigoma na Tabora

Mama mjamzito anapimwa asubuhi zahanati, anaambiwa damu yake ni 9. Jioni anapimwa tena hospitali, anaambiwa ni 10.4. Ndugu zake watauliza mashine ipi ni mbovu, na mara nyingi jibu ni kwamba zote ni nzima. Kilichoharibika ni tone lenyewe: kidole kilikamuliwa, spiriti haikuachwa ikauke, chupa haikugeuzwageuzwa baada ya kujazwa, au kuveti, vile vibebeo vidogo vya plastiki vya kuingizia damu mashineni, zilikaa wazi msimu wa mvua zikanywa unyevu.

Mwongozo huu ni wa wauguzi na wataalamu wa maabara wa ngazi ya zahanati na kituo cha afya, na pia wa mgonjwa anayetaka kuelewa karatasi aliyopewa. Sehemu kubwa inahusu yanayotokea kabla damu haijaingia mashineni, maana huko ndiko majibu mengi yanakoharibikia.

Nini hasa kinapimwa

Chembe nyekundu ni kisahani kidogo kilichobonyea pande zote mbili, upana wake mikromita 7 hadi 8, unene kama 2. Haina kiini. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa kwa amri ya homoni ya erithropoietini inayotoka kwenye figo, huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa kwenye wengu na ini, na madini ya chuma yaliyomo hurudishwa kutengeneza chembe nyingine. Ndiyo maana mgonjwa wa figo wa muda mrefu hupungukiwa damu hata akila vizuri, na mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hupungukiwa hata kama hajatokwa na tone nje: chembe zake zinavunjwa kabla ya siku zao.

Vipimo vikuu ni vitatu. HB ni kiasi cha hemoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni, kwa gramu katika kila desilita. PCV, ambayo mashine huiandika HCT, ni asilimia ya damu iliyojazwa na chembe nyekundu. RBC ni idadi ya chembe zenyewe katika mikrolita moja. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya milioni 4 na 6.

Vyote vitatu hupima ukolezi, havisemi mtu ana lita ngapi mwilini. Jambo hili linaua watu lisipoeleweka. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anapoteza chembe na maji yake kwa pamoja, kwa hiyo damu iliyobaki ina ukolezi uleule. HB ikipimwa saa ya kwanza inaweza kusoma 11 huku mama yuko kwenye mshtuko. Itashuka baadaye, mwili ukishavuta maji kuingia kwenye mishipa au dripu ikishaingia. Kwa mama huyo angalia mapigo ya moyo, presha na kiasi cha damu kilichotoka. Usitulizwe na namba. Kinyume chake, mtoto aliyeharisha siku mbili na kukaukiwa maji anaweza kusoma HB nzuri, kisha ikaonekana kushuka ghafla baada ya kuongezewa maji. Hakupoteza damu wodini: upungufu ulikuwepo tangu mwanzo, ukifichwa na ukavu.

Tone la kidole, hatua kwa hatua

Andaa kila kitu kabla ya kumshika mgonjwa: glavu, pamba kavu, pamba yenye spiriti ya asilimia 70, lanseti mpya ya kuchomea, kuveti au kapilari (mrija mwembamba wa kioo), na sefti boksi iliyo karibu na mkono wako. Tone likishatoka halisubiri mtu atafute kuveti kabatini.

1. Mkalishe mgonjwa. Mkono uwe na joto. Asubuhi za Juni na Julai huko Kasulu, Kibondo au Tabora vidole huwa baridi na damu hutoka kwa shida, hivyo mwambie asugue viganja au aoshe kwa maji ya uvuguvugu. Ukiruka hatua hii utajikuta unakamua.

2. Chagua kidole cha kati au cha pete. Kidole gumba kina ngozi nene, cha shahada hutumika sana na kina maumivu zaidi, na kidole kidogo ngozi yake ni nyembamba, mfupa uko karibu. Choma pembeni kidogo mwa ncha, si katikati, wala si kwenye ukingo kabisa. Mtoto mchanga hadi miezi 6 hivi huchomwa kisigino, upande wa ndani au wa nje wa nyayo, kamwe si nyuma ya kisigino palipo na mfupa.

3. Futa kwa spiriti, kisha subiri ikauke yenyewe, kama nusu dakika. Usipulize kwa mdomo. Spiriti mbichi hupasua chembe, huchanganyika na damu, na hulifanya tone litapakae kwenye ngozi badala ya kusimama.

4. Choma mara moja kwa uthabiti. Kina kinachopendekezwa ni milimita 1.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8, na milimita 2.4 kwa wakubwa zaidi. Mchomo wa woga usiotoa damu humlazimu mgonjwa kuchomwa tena.

5. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu. Kwa mashine za kuveti futa mawili au matatu. Tone la kwanza lina majimaji ya tishu na mabaki ya spiriti.

6. Acha tone litoke lenyewe. Unaweza kubonyeza taratibu mbali na tundu, ukaachia, ukabonyeza tena. Usiikamue ncha ya kidole.

Tazama tone lenyewe kabla ya kuligusa. Tone zuri husimama, duara, jekundu lililoiva, ukubwa wa kutosha kujaza kuveti kwa mara moja. Tone lililokamuliwa huonekana jepesi, mara nyingine lina ukingo wa maji, na huteleza kufuata mistari ya kidole. Ukiona hivyo, futa, badili kidole, anza upya. Tone la namna hiyo linaweza kuifanya HB isome chini kuliko ilivyo, na mama ataondoka na rufaa asiyoihitaji. Akija tena kwa ajili ya kufuatilia na safari hii damu ikatoka vizuri, kila mtu ataamini vidonge vimefanya kazi kumbe hakuna kilichobadilika.

Hata kwa mkono hodari, tone moja la kidole hutofautiana na jingine la mtu yuleyule. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unapendelea damu ya mshipa na mashine ya maabara palipo na uwezo. Zahanati isiyo na uwezo huo ipime kidole, lakini ipime kwa nidhamu.

Kuveti na mashine ndogo ya HB

Mashine ndogo ya mkononi kama HemoCue hunyonya kama mikrolita 10 za damu kwenye kuveti ya plastiki, ikapitisha mwanga na kusoma. Gusisha ncha ya kuveti katikati ya tone na uiache ijae kwa mkupuo mmoja. Ikikatika njiani usiongezee. Itupe, uchukue mpya. Futa nje kwa upande bapa wa pamba kavu bila kugusa mdomo wa kuveti, la sivyo pamba itanyonya damu ya ndani. Iinue kwenye mwanga: ukiona povu kwenye kidirisha cha kusomea, hiyo haifai.

Lazima ujue modeli uliyonayo. Kuveti za modeli ya HemoCue 201+ zina dawa kavu ndani, na dawa hiyo huharibiwa na unyevu. Kwenye vijiji vya mwambao wa Tanganyika msimu wa mvua, kopo lililoachwa wazi mezani tangu asubuhi linaweza kutoa majibu ya uongo hadi kliniki iishe, na mashine haitakuonya. Toa kuveti moja, funga kopo, ndipo umchome mgonjwa. Andika kwa kalamu juu ya kopo tarehe ulipolifungua, maana muda wa matumizi hupungua tangu siku hiyo. Kwa 201+ kuveti iliyojazwa isomwe kabla dakika 10 hazijapita; ya modeli ya 301 haina dawa na inatakiwa kuingizwa mashineni papo hapo. Kuveti za modeli moja hazitumiki kwenye nyingine.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, pima damu ya kudhibiti ubora na uandike kwenye daftari. Namba ikitoka nje ya mipaka iliyoandikwa kwenye kichupa, safisha sehemu ya kusomea, rudia kwa kuveti ya kopo jingine, na ikigoma usipime wagonjwa. Kiangazi cha Tabora kina vumbi, na vumbi likikaa kwenye lenzi namba hupotoka kidogokidogo bila mtu kushtuka. Daftari la kila siku ndilo litakaloonyesha mteremko huo.

Palipokosekana mashine ipo kadi ya rangi ya HB ya Shirika la Afya Duniani. Tone huwekwa kwenye karatasi maalumu, husubiriwa sekunde 30, na hulinganishwa na rangi sita za gramu 4, 6, 8, 10, 12 na 14 kabla ya dakika 2 kuisha. Isomwe kwenye mwanga wa mchana, kivulini. Karatasi ya kawaida au ya chujio haikubaliki hata kidogo, kwa sababu hufyonza damu kwa namna tofauti. Kadi hii inatosha kutenga aliye na hali mbaya na aliye salama. Haifai kufuatilia mabadiliko ya nusu gramu.

PCV kwa kapilari

Kipimo hiki tunakithamini kuliko kinavyothaminiwa siku hizi. Hakihitaji dawa ya kuagizwa, kinaendeshwa na sentrifuji ndogo, mashine ya kuzungusha damu kwa kasi, yenye umeme wa kawaida au wa sola yenye nguvu ya kutosha, na kinakuonyesha kitu ambacho mashine ya namba haikuonyeshi.

Chukua kapilari ya kioo ya milimita 75. Yenye mstari mwekundu ina heparini ndani, dawa ya kuzuia damu kuganda, na hutumika kwa damu ya kidole moja kwa moja. Isiyo na dawa, aghalabu yenye mstari wa bluu, ni ya damu iliyokwisha kuwekwa kwenye chupa ya EDTA, nayo dawa ya kuzuia kuganda. Ukizichanganya, damu ya kidole itaganda kwenye kapilari. Ijaze theluthi mbili hadi robo tatu kwa kuilaza kidogo, futa nje, ziba ncha isiyogusa damu kwa plastisini maalumu kwa kina cha milimita 4 hivi. Jaza mbili kwa kila mgonjwa. Ziweke kwenye sentrifuji zikitazamana, ncha iliyozibwa ikiwa nje, na uandike namba ya nafasi. Kapilari hazina lebo na zikichanganyika hakuna namna ya kuzitambua. Zungusha mizunguko 10,000 hadi 12,000 kwa dakika, muda wa dakika 5.

Baada ya kuzungusha, iangalie kapilari kwenye mwanga kabla ya kukimbilia kusoma. Chini kuna nguzo nyekundu, juu yake utando mwembamba mweupe wa chembe nyeupe na chembe sahani (zinazogandisha damu), kisha plazima, yaani maji ya damu. Plazima ya kawaida ni njano ya majani makavu. Ikiwa njano iliyokolea, fikiria manjano ya ugonjwa wa ini au chembe zinazovunjika kwa wingi, kama kwenye selimundu. Ikiwa nyekundu, ama damu ilipasukia kwenye mkono wako wakati wa kuchukua, ama inapasukia ndani ya mgonjwa. Chukua upya ujue ni ipi. Ikiwa kama maziwa, kuna mafuta mengi, na HB ya mashine ya mwanga itakuwa imepandishwa. Utando mweupe ukiwa mnene kupita kawaida, chembe nyeupe ni nyingi mno na mgonjwa anahitaji FBP, yaani kipimo kamili cha damu kwa mashine.

Soma nguzo nyekundu peke yake, usijumuishe utando mweupe, na usikae zaidi ya dakika 10 kwani mpaka huanza kuinama. Kapilari mbili za mgonjwa mmoja zikitofautiana zaidi ya alama 2, rudia. Nguzo ikisoma juu kuliko ulivyotarajia, huenda muda wa kuzungusha ulipunguzwa au umeme ulikatika katikati; chembe hazikushikana vizuri. Ikisoma chini na plastisini ina damu, ilivuja. PCV ukiigawa kwa 3 unapata makadirio ya HB: PCV ya 30 ni HB ya 10 hivi.

Damu ya mshipa na safari yake

Kwa FBP unahitaji damu ya mshipa kwenye chupa ya EDTA, ile ya kizibo cha zambarau. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Ukikaa muda mrefu maji hutoka kwenye mshipa na damu inayobaki hukolea. Usichukue kwenye mkono wenye dripu, hata chini kidogo ya dripu. Ukifanya hivyo HB, chembe nyeupe na chembe sahani vyote vitashuka kwa pamoja, na daktari atadhani uboho umekufa. Kama mikono yote miwili ina dripu, isimamishe kwanza kwa makubaliano na daktari, subiri, na uandike kwenye fomu.

Jaza hadi mstari. Damu kidogo kwenye dawa nyingi husababisha chembe kusinyaa, PCV ya kapilari kushuka na slaidi kuonyesha maumbo ya ajabu. Damu nyingi kupita mstari haitachanganyika na itaganda. Mara tu inapojaa, igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10. Kutikisa kwa nguvu hupasua chembe. Bonge dogo la damu ndani ya chupa huziba tundu la mashine na kushusha idadi ya kila kitu, hasa chembe sahani, kwa hiyo maabara inayopokea iichunguze kwa kijiti kabla ya kupima.

Kutoka Kalya au Sunuka kwa boti kwenda hospitali ya Maweni, au kutoka vijiji vya Kaliua na Sikonge kwa pikipiki kwenda hospitali ya Kitete, damu husafiri saa nyingi. Kwenye joto la kawaida la chumba, pima ndani ya saa 6 hivi. Ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, inavumilia hadi saa 24 kwa HB na idadi ya chembe. Baada ya hapo chembe huvimba na MCV, ukubwa wake wa wastani, hupanda. Sanduku liwe na barafu, lakini chupa isiguse barafu: weka kitambaa au katoni katikati. Damu iliyoganda kwa baridi hupasuka yote na hakuna cha kupima. Chupa zisimame, zisilale na kugonganagongana. Na slaidi itengenezwe hapohapo kijijini kabla ya safari, ikauke, ndipo ifungwe pamoja na chupa. Umbo la chembe huharibika upesi kuliko idadi yake.

Kusoma karatasi ya FBP

Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipata hataza ya njia ambayo mashine nyingi bado zinaitumia: chembe zilizozimuliwa kwenye maji yenye chumvi hupita moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme, kila chembe inapopita huzuia umeme kidogo, na ukubwa wa kizuizi hueleza ukubwa wa chembe. Kabla ya hapo watu walihesabu kwa macho kwenye chemba ya kioo. Njia hiyo bado inafundishwa: damu huzimuliwa mara 200, huhesabiwa miraba 5 kati ya 25 ya katikati, na jumla huzidishwa kwa 10,000. Ukihesabu 450 una milioni 4.5. Ni kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi. Kwa uamuzi wa kila siku PCV ni bora.

Mashine hupima RBC, HB na ukubwa wa chembe. Mengine ni hesabu, na unapaswa kuweza kuyakokotoa kwa kalamu:

MCV, ukubwa wa wastani wa chembe: HCT mara 10, gawa kwa RBC (kwa milioni). Kawaida kwa mtu mzima ni 80 hadi 100.
MCH, hemoglobini ndani ya chembe moja: HB mara 10, gawa kwa RBC. Kawaida ni 27 hadi 32 hivi.
MCHC, ukolezi wa hemoglobini ndani ya chembe: HB mara 100, gawa kwa HCT. Kawaida ni 32 hadi 36.
RDW huonyesha chembe zinavyotofautiana ukubwa; ikizidi 15 hivi, kuna mchanganyiko wa ndogo na kubwa.

Chukua mfano: RBC 4.6, HB 9.2, HCT 30. MCV ni 300 gawa kwa 4.6, yaani 65. MCH ni 20. MCHC ni 30.7. Chembe hazikupungua sana kwa idadi, ila ni ndogo na zimepauka. Kiwanda kinafanya kazi, malighafi haitoshi: upungufu wa chuma, hasa kama RDW nayo iko juu. Kama MCV iko chini namna hiyo lakini RBC ni nyingi kupita kawaida na RDW ni ya kawaida, fikiria talasemia ya kurithi, ambayo aina yake ya alfa inapatikana sana Afrika Mashariki. Mtu huyo usimlishe chuma miaka na miaka bila uthibitisho.

Kuna ukaguzi wa haraka: HB mara 3 iwe karibu na HCT, ikitofautiana kwa alama 3 tu. Kwenye mfano wetu ni 27.6 dhidi ya 30, inakubalika. Isipokubali, anza kuishuku sampuli kabla ya kumshuku mgonjwa. MCHC ndiyo mlinzi mzuri kuliko yote, kwa sababu chembe haiwezi kubeba hemoglobini zaidi ya nafasi yake. Karatasi yenye RBC 1.6, HB 9.0 na HCT 19 inatoa MCHC ya 47, kitu kisichowezekana. Hapo chembe zimeshikana kwa baridi na mashine imehesabu mafungu badala ya chembe mojamoja. Pasha chupa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 30, geuza, pima mara moja. Kama bado iko juu, angalia plazima kama ina mafuta au imepasuka.

MCV ikizidi 100, uliza kuhusu dawa za ARV zenye zidovudini, haidroksiurea kwa mgonjwa wa selimundu, pombe, ini, na upungufu wa foliki au vitamini B12. Ikiwa kati ya 80 na 100 na HB iko chini, orodha ni ndefu: malaria, damu iliyotoka hivi karibuni, figo, maambukizi ya muda mrefu, selimundu, au upungufu wa chuma na wa foliki kwa pamoja, ambapo chembe ndogo na kubwa hufichana kwenye wastani na RDW pekee ndiyo inayopiga kelele.

Umeme unaopanda na kushuka huua mashine hizi. Stabilaiza na betri ya akiba ni sehemu ya mashine, na kila asubuhi ipimwe bila damu kwanza kuhakikisha inasoma sifuri au karibu yake.

Slaidi bado ina kazi

Tone dogo, la milimita 2 au 3, karibu na ncha ya slaidi. Kisambazio kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Msukumo mmoja laini. Tone la damu nyepesi linahitaji pembe kubwa zaidi na mwendo wa haraka zaidi, la sivyo filamu itakuwa ndefu na nyembamba mno. Ikauke haraka, kisha methanoli dakika 1 hadi 2, kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya pH 7.2.

Msimu wa mvua slaidi hukauka polepole na methanoli iliyoachwa wazi hunywa maji. Matokeo yake ni chembe zenye mapete yanayong'aa katikati, ambayo mgeni wa kazi huyaita ugonjwa. Yakionekana kwenye kila slaidi ya siku hiyo, fungua chupa mpya ya methanoli. Funika slaidi zinazokauka: nzi, mende na sisimizi hula damu, na hutoboa filamu mashimo.

Angalia sehemu ambayo chembe zinakaribia kugusana bila kupandana. Chembe ndogo zenye weupe mkubwa katikati ni za upungufu wa chuma. Chembe za umbo la mundu ni selimundu, ingawa slaidi isiyo na mundu haimwachii mtu huru. Mtoto wa chini ya miezi 6 anaweza asionekane hata kwenye kipimo cha kawaida cha selimundu, kwa kuwa bado ana hemoglobini ya utotoni. Arudiwe au apimwe kwa njia ya kutenganisha hemoglobini. Na vimelea vya malaria vitafutwe kila mara, maana hii ni mikoa ambayo malaria imekaa.

Mipaka, na suala la mwinuko

Upungufu wa damu unahesabiwa HB inapokuwa chini ya 13 kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, 11 kwa mjamzito miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, 10.5 miezi ya katikati, 10.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, na 11 kwa wa miaka 2 hadi kabla ya kutimiza 5. Chini ya 7 kwa mjamzito au mtoto mdogo, na chini ya 8 kwa watu wazima wengine, ni upungufu mkali. Mtoto mwenye HB chini ya 4, au kati ya 4 na 6 huku anapumua kwa shida, amelegea au yuko kwenye mshtuko, ni dharura ya kuongezewa damu saa hiyohiyo.

Mipaka hiyo ni ya usawa wa bahari. Anayeishi juu hutengeneza chembe nyingi zaidi, kwa hiyo mwongozo wa 2024 unataka upunguze 0.4 kwenye HB kwa mwinuko wa mita 500 hadi 999, na 0.8 kwa mita 1,000 hadi 1,499. Kigoma mjini iko kwenye kundi la kwanza, kwani hata ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 750. Tabora mjini, karibu mita 1,200, iko kwenye la pili. Mama wa wiki 32 Tabora mwenye HB 11.6 anahesabiwa 10.8: ana upungufu mdogo ambao jicho la haraka lingeupita. Kwenye kadi andika namba iliyosomwa na mashine, si iliyopunguzwa; marekebisho yaandikwe pembeni, ili hospitali ya rufaa isiyafanye mara ya pili.

Baada ya namba

Namba bila sababu ni nusu ya kazi. Mtoto: kipimo cha malaria, minyoo ya safura, selimundu. Mvuvi au mtoto wa mwambao: choo kwa ajili ya kichocho cha tumbo. Aliyekulia kando ya mabwawa na mashamba ya mpunga ya Igunga au Nzega: mkojo kwa ajili ya kichocho cha kibofu. Mkulima wa tumbaku anayetembea peku: safura. Mwanamke: uliza hedhi inachukua siku ngapi, na kama anakula udongo, kwa heshima na faragha. "Dada, wengi wakipungukiwa damu hutamani udongo, na wewe unautamani?" hujibiwa kweli mara nyingi kuliko "Unakula udongo?"

Juisi ya bitiruti au rozela ni kinywaji kizuri, lakini wekundu wake haugeuki kuwa hemoglobini. Kinachosaidia ni vidonge vya chuma na foliki kwa kipimo alichopewa, pamoja na dagaa, nyama, maini kwa asiye mjamzito, maharage na kisamvu, vikifuatana na embe au limau. Chai iachwe hadi saa moja au mbili baada ya chakula na vidonge, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Mwambie mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, asije akaogopa akaacha dawa.

Rudia kipimo baada ya wiki 4, kwa njia ileile, kama inawezekana kwa mashine ileile. HB inapaswa kuwa imepanda angalau gramu 1. Isipopanda, uliza kwanza kama vidonge vinamezwa, kisha kama bado damu inatoka mahali, kisha kama uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi. Ikipanda hadi kawaida, vidonge viendelee miezi mitatu zaidi ili akiba ya mwili ijae, na tarehe ya kipimo kijacho iandikwe kwenye kadi kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti.